Mvua ya Juni

Binamu yangu anaishi Minneapolis, na kila mwaka ikifika Aprili hunitumia sauti kwenye WhatsApp akilalamika. Theluji imeanguka tena. Ameshafua jaketi na kulitupa juu ya kabati, watoto wameshaanza kucheza nje, halafu asubuhi moja anafungua mlango anakuta dunia imekuwa nyeupe upya. "Ile ya Januari sina ubaya nayo," huniambia. "Januari ni haki yake. Lakini hii ya Aprili ni ya nini, omera?"

Mimi theluji sijawahi kuigusa. Kitu cha karibu zaidi nilichokiona ni picha za Septemba 2008, nikiwa shule ya msingi, wakati mvua ya mawe ilipofunika ubavu mzima wa kilima kule Busara karibu na Nyahururu, na watu wakatoka mbali kwenda kuishika kwa mikono. Kwa Dholuo barafu hiyo ni pe, na binamu yangu akiongea na mama yake hutumia neno hilo hilo kwa theluji ya Minnesota. Lakini malalamiko yake nayaelewa kuliko anavyodhani. Mimi naichukia mvua ya Juni.

Nisieleweke vibaya. Chwiri, ile mvua ndefu inayoanza Machi, hakuna mtu kwetu anayeikataa. Opon, ile fupi ya mwisho wa mwaka, nayo ina kazi yake. Shida ni chwiri ikikataa kwenda nyumbani. Ikifika Juni njugu zimeshang'olewa, zimetandazwa uani juu ya turubai, zinangoja jua la siku kadhaa mfululizo. Zikinyeshewa, nyingine zinachipua zikiwa ndani ya ganda, nyingine zinashika kuvu, na kuvu ya njugu ni sumu. Mnunuzi akija anavunja tatu nne kwenye kiganja, anazinusa, anashusha bei bila hata kukuangalia usoni. Omena ni hivyo hivyo. Omena iliyoanikwa ufukweni ikapigwa na mvua kabla haijakauka inaliwa na kuku, si na watu, na mama aliyeinunua kwa mkopo wa chama anabaki na deni lenye harufu.

Halafu mvua hiyo ina ubaya wa pili. Inawakalisha watu jikoni, na watu wa kwetu wakikalishwa jikoni wanaanza kusimulia mvua za zamani.

Nina nyumbani kuwili. Kwa baba ni Nyatike, Kaunti ya Migori, upande wa Kabuto, kwenye tambarare ambako mto Kuja unakaribia kuingia ziwani. Kwa mama ni Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, ng'ambo ya Kendu Bay kuelekea vilima vya Homa, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Kila upande nina nyanya, na wote wawili nawaita Dani, kwa hiyo tangu utotoni kichwani mwangu mmoja ni Dani wa mto na mwingine ni Dani wa ziwa. Wote wawili, ukiwauliza kuhusu mafuriko, wana jibu moja: pi biro dok. Maji yatarudi. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba sentensi hiyo moja, kwa midomo hiyo miwili, haina maana moja.

Nianze na mto kwa sababu mambo yake ni mepesi kidogo. Kuja unaanzia juu kabisa, kwenye milima ya Nyamira na Kisii ambako wenyewe wanauita Gucha. Unashuka, unapita Gogo, ambako kuna bwawa dogo la umeme lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya machimbo ya Macalder, kisha unafika Nyatike na kukosa kingo. Sasa, Nyatike yenyewe ni kukavu. Mvua yetu ni ya kuomba. Kwa hiyo mafuriko ya Kuja mara nyingi huja jua likiwaka: hujaona tone hata moja, lakini Kisii kumenyesha siku tatu, na usiku ng'ombe wanaanza kulia wakiwa wamesimama kwenye maji. Dani wa mto hatazami mawingu ya kwake. Hutazama mashariki, yalipo mawingu ya watu wengine.

Yeye ana mpango, na mpango wake ni wa zamani kuliko ofisi yoyote ya maafa. Hatimiliki ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na picha mbili za harusi viko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umening'inia juu kwenye paa. Maji yakija anashusha mfuko, anachukua sufuria na kuku, anapanda hadi shule ya msingi iliyo mwinukoni, analala darasani na majirani wiki moja au mbili, mara nyingine zaidi. Kuna miaka tuta la mto limepasuka na mambo yakawa mabaya kweli. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa Nyatike walihama makwao huku serikali ikituambia tusikaribiane kwa sababu ya Korona, na wao wamelala arobaini kwenye darasa moja. Lakini maji ya mto hurudi. Yanaacha tope jeusi, na kwenye tope hilo mahindi huota kama yametumwa. Dani wa mto akisema maji yatarudi, anazungumza kuhusu siku.

Dani wa ziwa anazungumza kuhusu kitu kingine.

Yeye aliolewa Karachuonyo mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na saba hivi. Nasema hivi kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake aliukadiria karani akimtazama uso. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame. Oktoba mvua ikaanza, na haikujua kusimama. Ilikuwa zamu ya opon, mvua fupi, lakini ikanyesha Novemba, ikanyesha Desemba, ikaungana na chwiri ya mwaka uliofuata. Kote Afrika Mashariki mito ilivunja madaraja. Ziwa nalo, Nam Lolwe, lilianza kupanda polepole, bila kelele, kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka unashtukia amekaa kwenye kitanda chako.

Kati ya mwisho wa 1961 na Mei 1964 lilipanda kwa takriban mita mbili na nusu. Hili ni ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Kuliinua hata kwa kidole kimoja ni maji ya ajabu, seuze mita mbili na nusu. Gati zikaingia maji, mashamba ya ufuoni yakazama kuanzia Mwanza hadi Jinja hadi Kendu Bay. Na tazama tarehe: Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, Uganda 9 Oktoba 1962, Kenya 12 Desemba 1963. Bendera tatu zilipanda huku ziwa wanalogawana likipanda nazo. Ndiyo maana wazee wanaiita mvua ya Uhuru. Shuleni tulifundishwa nani alikaa upande gani wa meza pale Lancaster House, mpaka nikajua kwa moyo. Kuhusu ziwa lililohamisha watu wa nchi tatu kwa wakati mmoja, sikumbuki kusoma hata aya.

Kwa Dani kumbukumbu hiyo si ya bendera. Ni ya kuhama mara mbili akiwa bibi arusi, mara ya pili akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Mtoto huyo alizaliwa mvua ikinyesha, akaitwa Okoth. Hivyo ndivyo sisi tunavyoweka kumbukumbu: wa mvua ni Okoth au Akoth, wa jua la mchana ni Ochieng' au Achieng', wa wakati wa njaa ni Okech au Akech. Ukipewa orodha ya majina ya ukoo wangu na ukaachiwa mchana mmoja, unaweza kuchora hali ya hewa ya miaka sitini.

Watu wakati huo walitafuta wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa alikuwepo. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja ambako Nile inatoka ziwani, lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954. Wengi waliamini kwamba Waganda wamefunga mlango. Dani mpaka leo anaamini nusu nusu. Ukweli ni kwamba maji mengi ya ziwa hili, karibu asilimia themanini, hayaletwi na mto wowote. Yanaanguka moja kwa moja kutoka juu, mvua inayonyesha ziwani kwenyewe. Mlango wa Jinja una sehemu yake, na mbele kidogo nitaitaja, lakini mwaka 1961 haukuwa na kesi ya kujibu.

Sasa nije kwa 1997, ambayo ndiyo inayonigusa.

Wakenya El Niño tunaijua kwa jina kama tunavyomjua jirani mkorofi. Ilianza Oktoba 1997 ikaendelea mpaka mapema 1998, na tangu hapo kila mvua kubwa tunaiita "elnino" hata ikiwa haina uhusiano. Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba utabiri umebadilika na El Niño haitakuja kwa ukali uliotarajiwa. Novemba nusu ya nchi ilikuwa majini. Lakini ile ya 1997 ndiyo mama yao. Ziwa lilipanda karibu mita moja na sentimita sabini kwa miezi michache.

Jikoni kwa Dani wa ziwa, hadithi ya 1997 ni hadithi ya kuchekesha. Mumi, wenyewe wanaita kambare, waliingia katikati ya mahindi. Nera, yaani mjomba wangu, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwavua kwa panga na karai. Asubuhi moja walikuta kamongo amejikunja nyuma ya jiko kama paka. Walikula samaki mpaka watoto wakaanza kulilia mboga. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia pamoja na pale Nera anaponyamaza ili watu wacheke.

Mama yangu haicheki. Kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu yeye hakuwepo. Alikuwa ameshaolewa Nyatike, ana mimba yangu. Nilizaliwa Februari 1998, nami nina Okoth yangu katikati ya majina. Nilikuwa mkubwa, nimeshaacha chuo na kurudi nyumbani, ndipo siku moja ya Juni, mvua ikipiga mabati hadi tunaongea kwa kupaza sauti, Nera alipofika kwa kamongo mama akanyanyuka akatoka nje kwenye mvua. Nikamfuata. Akaniambia alichoniambia akiwa amesimama chini ya paa la choo.

Alikuwa na dada. Hilo nilijua; kaburi lake liko nyumbani kwa Dani, pembeni, upande wanaozikwa mabinti waliorudi. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikufa Desemba ile ya mumi. Kipindupindu. Kilianza Nyanza katikati ya 1997, hata kabla ya El Niño yenyewe, na kati ya Juni mwaka huo na Machi 1998 hospitali za mkoa zililaza zaidi ya wagonjwa 14,000; zaidi ya 500 walikufa, hao ni wale waliohesabiwa hospitalini. Watu walikuwa wanakunywa maji ya ziwa, na ziwa lilikuwa limepita kwenye vyoo vyote vya ufuoni kabla ya kufika kwenye mtungi. Mama mdogo aliugua alfajiri. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili. Wakambeba kwa kiti, wakampitisha sehemu moja kwa mtumbwi, na alipofika kwenye kituo cha afya ilikuwa jioni. Alizikwa bila mama kuwepo, kwa sababu kutoka Nyatike hakukuwa na njia, na aliyekuwa tumboni ni mimi.

"Wanasimulia samaki," mama aliniambia. "Kila mwaka wanasimulia samaki."

Sikumlaumu Nera. Baadaye nilipomuuliza, mtu huyu ambaye hakosi neno aliangalia mikono yake, akasema yeye ndiye aliyekuwa anapiga kasia. Hatukuongea zaidi. Nadhani ndiyo kazi ya hadithi za mumi: familia inahitaji kitu cha kusema wakati mvua inapiga mabati, na hicho ndicho kinachoweza kusemwa. Lakini mimi ninayejaribu kuandika historia ya mvua za kwetu nina wajibu wa kuweka mtumbwi ule kwenye ukurasa mmoja na karai la samaki. Vilikuwa kwenye maji yale yale.

Nilisoma jiografia chuoni miaka miwili kabla karo haijanishinda. Sikutoka na cheti. Nilichotoka nacho ni daftari, na ndani ya daftari kuna mchoro mmoja nilioupenda kuliko yote: kimo cha ziwa, kinachopimwa Jinja tangu miaka ya 1890, mwaka kwa mwaka. Unaenda chini chini kwa miongo sita, unapanda panda kidogo, unashuka. Halafu 1961 unaruka kama ukuta. Baada ya kilele cha 1964 unaanza kushuka, lakini kushuka kwenyewe ni kwa mtu mzee anayeshuka ngazi, hatua moja, anapumzika, anapanda nusu. 1997 unaruka tena. Unakuja kugusa kimo cha kabla ya 1961 mwaka 2005 kuelekea 2006, baada ya ukame, na baada ya mabwawa ya Jinja kuachia maji mengi kuliko yaliyokubaliwa. Hapo ndipo mlango ulikuwa na kesi.

Yaani maji yalirudi. Dani hakudanganya. Yalichukua miaka arobaini na mitatu.

Na katikati ya miaka hiyo watu waliishi kwenye ukingo unaosogea. Kwara, babu yangu, aliijenga dala anayoishi Dani sasa katikati ya miaka ya 1980, kwenye mteremko wa chini, kwa sababu maji yalikuwa yamerudi nyuma na ardhi hiyo ilikuwa ya baba yake kabla ya mvua ya Uhuru. Kwao hakuwa anavamia ufuo. Alikuwa anachukua chake. Ziwa ndilo lililokuwa limeazima. 2006, maji yalipokwenda mbali kabisa, Nera akalima mpaka mahali ambapo akiwa mdogo alikuwa anaogelea. Aliuza nyanya na sukuma za huko, akawasomesha watoto. Kuna watu wa mjini wanaoona picha za mafuriko na kuuliza, kwani nani aliwaambia wajenge majini? Waliambiwa na miaka arobaini na mitatu.

Mwisho wa 2019 ziwa likaanza tena. Ndani ya miezi sita hivi lilipanda zaidi ya mita moja, na Mei 2020 likaivunja kidogo rekodi ya 1964. Shamba la nyanya likaenda kwanza. Viboko wakaanza kulala pale zilipokuwa sukuma. Maji yakatulia, yakashuka kidogo, yakatupa matumaini. Halafu ikaja chwiri ya 2024, ile ambayo shule zilishindwa kufunguliwa tarehe iliyopangwa, ile ya Mai Mahiu, ile tuliyopewa siku ya mapumziko tarehe 10 Mei kuwakumbuka waliokufa. Mwezi huo ziwa likapita tena rekodi yake. Kwa Dani likaingia uani. Kaburi la Kwara lina msalaba wa simiti. Wiki ya tatu ya Mei ulikuwa umebaki mkono mmoja nje ya maji.

Nera akasema basi, tunahama. Ana kipande cha ardhi juu, karibu na barabara. Ana mabati. Ameongea na fundi.

Dani akakataa.

Mtu wa nje anaweza kudhani ni ukaidi wa uzee. Lakini kwa Mjaluo kuhama dala si kubeba mabati. Dala mpya huanzishwa na mwenye mji, alfajiri, na mwanawe wa kwanza ameshika shoka, jogoo yupo, mke anabeba moto. Mwenye mji yuko chini ya msalaba wa simiti. Mjane hawezi kujianzishia mji peke yake. Lazima kuna mtu wa kusimama mahali pa mume, na Dani tangu 2003 amekataa mtu yeyote kusimama mahali hapo. Kanisa lake lina jibu jingine: mchungaji aje, aombe, mambo yaishe. Dani ni mama kanisa wa miaka mingi na hilo pia hajalikubali. "Mchungaji atalala usiku ule nyumbani kwake," alisema. "Mimi nitalala wapi?"

Na makaburi? Nera alinyamaza hapo. Kwara, mama mdogo, mtoto mmoja aliyefia utotoni. Kufukua ni jambo ambalo halitamkwi kirahisi.

Mimi katika mjadala huo sikuwa na kauli. Ni okewo, mtoto wa binti. Okewo analishwa vizuri, anataniwa, na shamba la wajomba zake hana neno nalo. Lakini nilikuwa na daftari. Basi Juni hiyo ya 2024, wakati marafiki zangu wote Nairobi, na hata Migori mjini, walikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha na simu yangu inalia kila dakika, mimi nilikuwa nimekaa jikoni Karachuonyo namwonyesha Dani mchoro wa ziwa.

Niliuchora upya kwa kalamu kubwa nyuma ya kalenda ya kanisa. Nikamweleza: huku ni chini, huku ni juu, hii ni miaka. Aliangalia kwa muda. Halafu akaweka kidole kwenye ule ukuta.

"Hapa ni Okoth."

Ndiyo. 1962.

Akasogeza kidole kwenye mteremko. Huyu alizaliwa wapi? 1968. Hapa. Na mama yako? 1972. Akasogeza. Aliwapanga watoto wake wote saba kwenye ule mstari, mmoja mmoja, kama anawapandisha ngazi, na alipofika 1997 akaondoa kidole. Akakirudisha 2003, alipomzika Kwara. Maji yalikuwa chini wakati huo. "Tulichimba pakavu," alisema. "Pakavu kabisa, ndugu zake wakachoka kuchimba."

Nera, aliyekuwa mlangoni, akaona nafasi. Akamkumbusha Simbi.

Kwa wasiojua, Simbi Nyaima ni ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay, maji ya chumvi, lililozama kwenye shimo la volkano. Sisi tuna maelezo mengine. Palikuwa na kijiji, na siku ya sherehe bibi kizee alikuja na mvua, amelowa, ana njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempa mahali pa kuota moto. Yule mgeni akamwambia achukua watu wake aondoke. Usiku mvua ikanyesha, na kijiji na ngoma zake kikaenda chini. Kila mtoto wa Karachuonyo amesimuliwa hii, na kwa mtoto wa Karachuonyo ni historia kabla ya kuwa hadithi.

"Huyo aliyehama ndiye aliyebaki kusimulia, Mama," Nera alisema.

Dani akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kalenda. "Huyo aliambiwa na mgeni wake. Mimi mgeni wangu ni huyu," akanipiga begani, "na ameniletea karatasi."

Tulicheka, hata Nera. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa. Yakianza kurudi leo, kwa mwendo ule ule, yatafika lini pale yalipokuwa Kwara akijenga? Nikamwambia sijui, kila mara ni tofauti. Akasisitiza: kwa mwendo ule wa kwanza. Nikahesabu. Kwa mwendo ule wa kwanza, Dani, utakuwa na miaka mia moja hivi.

"Basi nitawangojea," alisema, na sikujua kama anatania.

Usiku huo ikanyesha. Si mvua ya kutisha. Ile tu ya Juni, isiyo na haja, inayoanza saa nane za usiku kana kwamba imekumbuka kitu. Nera akapiga kelele uani, "Njugu!" tukatoka wote, mimi na suruali ya ndani, watoto wake na mashuka kichwani, tukishika pembe za turubai na kuburuta kilo zote zile hadi chini ya kibaraza. Tuliokoa labda theluthi mbili. Zilizobaki zilikuwa zimelowa mpaka ndani, na mke wa Nera akaanza kuzichagua pale pale kwa mwanga wa simu, hajalia, hajasema kitu, anatupa mbaya kwenye karai. Karai lile lile, nadhani. Nilisimama pale natetemeka na nikamchukia mtu yeyote atakayeisimulia mvua hii mwaka ujao kama jambo la kuchekesha.

Asubuhi kulikucha na jua kali, jua la dharau. Dani alikuwa ameamka kabla yetu. Nilimkuta chini, karibu na kaburi la Kwara, gauni limefungwa magotini, amesimama kwenye maji. Alikuwa amechomeka kijiti cha mwanzi pale tangu Mei, mwanzi wenye mafundo, na kumbe kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa anashuka kuangalia maji yamefika fundo gani. Hakuwa amemwambia mtu. Wiki tatu zilizopita yalikuwa fundo la nne.

"Una kalamu?" aliniuliza.

Nilirudi ndani nikachukua kalenda. Akasema nisiandike kwenye mstari wangu, niandike chini yake, mahali peupe. Nikaandika anavyosema. Jumapili, 23 Juni 2024. Fundo la tatu na nusu. Imenyesha usiku.